CT-Scan: Hesabu inayotenganisha damu na ubongo

MGONJWA wa kiharusi anapofikishwa hospitalini akiwa amepooza upande mmoja wa mwili na ulimi umekuwa mzito, daktari hulazimika kupata jibu la swali moja kabla ya kuamua tiba: je, mshipa wa damu kichwani umeziba, au umepasuka?

Dalili za nje za hali hizo mbili hufanana mno, kiasi kwamba hata daktari bingwa hawezi kuzitenganisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa na kumpima kwa mikono. Hata hivyo, tiba zake hupingana. Aliyezibwa mshipa huweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mradi aipate ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza. Dawa hiyo hiyo, akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, huzidisha uvujaji wa damu na inaweza kumuua.

Mara nyingi jibu la swali hilo hutolewa na mashine ya CT-Scan, ile yenye umbo la pete kubwa ambamo kitanda cha mgonjwa huingizwa. Watu wengi huamini kwamba mashine hiyo huupiga picha ubongo kama kamera inavyopiga picha ya harusi. Ukweli ni kwamba kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta si picha ya namna hiyo. Ni jibu la hesabu ndefu, na usafi wa jibu hilo hutegemea kwa sehemu kubwa kiasi cha mionzi alichopokea mgonjwa.

Kuielewa hesabu hiyo kunaweza kumsaidia mgonjwa na ndugu zake kufahamu kwa nini kipimo hicho huokoa maisha, na pia kwa nini hakipaswi kufanywa kiholela.

Kivuli kisicho na kina

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na mwanafizikia wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, Novemba 8, 1895 katika mji wa Würzburg. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1901, ikiwa ni ya kwanza kutolewa katika fani hiyo.

Katika mashine za CT-Scan, mionzi hiyo hutengenezwa ndani ya bomba lisilo na hewa. Elektroni husukumwa kwa umeme wa volti kati ya 80,000 na 140,000, kisha hugonga metali ya tungsteni. Takriban asilimia 1 tu ya nishati hiyo hugeuka kuwa eksirei. Sehemu iliyobaki huwa joto, na ndiyo sababu bomba hilo lazima lipozwe.

Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hupunguza miale hiyo kwa utaratibu unaoweza kukadiriwa. Kila takriban sentimita 4 za nyama laini huipunguza kwa nusu. Tumbo lenye unene wa sentimita 20 huikata kwa nusu mara tano, hivyo kati ya miale 32 iliyoingia hutoka mmoja tu. Kwa mtu mnene mwenye tumbo la sentimita 32, miale hukatwa kwa nusu mara nane, na hutoka mmoja kati ya 256.

Eksirei ya kawaida hurekodi miale iliyobaki baada ya safari hiyo. Inachotoa ni kivuli, na kivuli hakina kina. Mama aliyembeba mtoto mgongoni, jua likiwa mbele yake, hutupa kivuli kimoja ardhini, na anayekitazama hawezi kujua mama anaishia wapi na mtoto anaanzia wapi.

Kwa mfupa wa mguu uliovunjika, kivuli hicho kinatosha. Kwa ubongo hakitoshi. Fuvu hufyonza mionzi kwa wingi na kufunika tofauti ndogo zilizomo ndani yake, kiasi kwamba damu iliyovuja haiwezi kutambulika katika eksirei ya kawaida ya kichwa.

Kabla ya miaka ya 1970, miongoni mwa njia za kuchunguza ubongo wa mtu aliye hai ilikuwa ile iliyoanzishwa na daktari wa Marekani, Walter Dandy, mwaka 1919. Majimaji yanayouzunguka ubongo yaliondolewa na hewa kuingizwa mahali pake, ili mipaka ionekane katika eksirei. Wagonjwa waliopitia kipimo hicho walipata maumivu makali ya kichwa na kutapika.

Wazo lililozaliwa Cape Town

Hatua kubwa ya kuelekea ufumbuzi ilianzia barani Afrika. Mwaka 1956, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kufanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur. Sheria ilitaka matumizi ya mionzi hospitalini yasimamiwe na mwanafizikia, na aliyekuwapo alikuwa ameondoka.

Huko Cormack aliona jambo lililomsumbua. Waliopanga tiba ya saratani kwa mionzi walikokotoa dozi kana kwamba mwili wote ni kitu cha aina moja, ilhali mfupa, misuli na mapafu hufyonza mionzi kwa viwango tofauti. Alijiuliza iwapo vipimo vinavyochukuliwa nje ya mwili, kutoka pembe mbalimbali, vingeweza kufichua kiwango cha ufyonzaji cha kila sehemu iliyo ndani.

Mwaka 1957 aliijaribu hesabu yake kwa kipande cha duara cha alumini kilichozungushiwa mbao. Majibu yalikubaliana na alichotarajia, isipokuwa katikati ya alumini, ambako namba zilitofautiana kidogo. Alipowauliza mafundi waliokitengeneza, alielezwa kuwa kiini chake kilikuwa cha alumini safi ilhali sehemu iliyokizunguka ilikuwa ya alumini iliyochanganywa na metali nyingine. Hesabu ilikuwa imegundua jambo ambalo mpimaji mwenyewe hakulijua.

Cormack, aliyehamia Marekani baadaye, alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, lakini karibu hakuna aliyeyajali. Miongoni mwa wachache walioomba nakala ni kituo cha Uswisi kinachotafiti maporomoko ya theluji. Yeye mwenyewe naye hakujua kwamba msingi wa hesabu hiyo ulikwisha kuandikwa mwaka 1917 na mwanahisabati wa Austria, Johann Radon. Alikuja kulifahamu hilo miaka mingi baadaye.

Mfano wa masanduku manne

Siri ya njia hiyo inaweza kueleweka kwa mfano wa masanduku manne yaliyofungwa, mawili yakiwa juu na mawili chini. Hairuhusiwi kuyafungua wala kupima uzito wa sanduku moja peke yake. Kinachoruhusiwa ni kupima mawili kwa pamoja.

Tuseme safu ya juu ina kilo 7 na ya chini kilo 11, huku safu ya kushoto ikiwa na kilo 8 na ya kulia kilo 10. Mtu anaweza kusema masanduku ya juu yana kilo 5 na 2, na ya chini kilo 3 na 8. Lakini mwingine akisema ya juu yana kilo 4 na 3, na ya chini kilo 4 na 7, naye hatakuwa amekosea, kwa sababu majibu yote mawili yanalingana na vipimo vinne vilivyochukuliwa.

Hapo ndipo umuhimu wa pembe ya tatu unapojitokeza. Masanduku ya mshazari, la juu kushoto na la chini kulia, yakipimwa pamoja na kutoa kilo 13, jibu la pili linaanguka, kwa kuwa lenyewe lingetoa kilo 11. Linabaki jibu moja tu, na kila sanduku linajulikana uzito wake bila kufunguliwa.

CT-Scan hufanya vivyo hivyo, isipokuwa badala ya uzito hupima ufyonzaji wa mionzi. Bomba la eksirei huzunguka upande mmoja wa pete, na upande wa pili kuna mamia ya vipokezi vinavyogeuza miale kuwa mwanga, mwanga kuwa umeme, na umeme kuwa namba. Kwa kuwa miale hupungua kwa kugawanywa na si kwa kutolewa, kompyuta hutumia logi, ile inayofundishwa sekondari, ili kugeuza mgawanyo huo kuwa jumla inayofanana na ile ya masanduku.

Katika mashine za kisasa mzunguko mmoja huweza kukamilika kwa muda usiofika nusu sekunde, na vipimo huchukuliwa kutoka takriban pembe 1,000. Picha ya tabaka moja la mwili huwa na vidoto 512 kwa 512, sawa na masanduku 262,144 ambayo kila moja lazima lipatiwe namba yake.

Hii ndiyo sababu mgonjwa huambiwa atulie na wakati mwingine abane pumzi. Vivuli vyote lazima viwe vya kitu kilekile kikiwa mahali palepale. Kichwa kikisogea katikati ya kipimo, vivuli vya mwanzo havitakubaliana na vya mwisho, na kompyuta itatoa michirizi ya uongo. Hereni na pini za nywele nazo huleta michirizi, kwa kuwa huzuia miale mingi kiasi kwamba vipokezi hubaki na kidogo sana cha kupima.

Kuchuja ukungu

Kwa miongo kadhaa, njia iliyotumika zaidi kutafuta jibu hilo imekuwa kurudisha kila kivuli kule kilikotoka. Kompyuta huanza na ukurasa mtupu, kisha hukipaka kila kivuli juu yake kwa kufuata njia iliyopitwa na miale. Penye mfupa, michirizi ya vivuli vyote hukutana na kukoleza. Pasipo na kitu, hukutana michache.

Njia hiyo ikiachwa hivyo, picha hugubikwa na ukungu, mithili ya wino uliomwagikia karatasi yenye unyevu. Kila doa huvuja na kuingia katika eneo la jirani.

Tiba yake ni kukipitisha kila kivuli katika kichujio cha hesabu kabla ya kukirudisha. Kazi ya kichujio hicho inafanana na ya kitufe cha redio kinachopunguza sauti nzito na kuongeza sauti nyembamba. Katika picha, sauti nzito ni mabadiliko ya polepole yanayosambaa eneo kubwa, na sauti nyembamba ni kingo na mambo madogo madogo. Kichujio kikififisha ya kwanza na kukuza ya pili, ukungu hutoweka na kingo hujitokeza.

Lakini kila anayesikiliza redio anajua kwamba sauti nyembamba zikiongezwa mno, mkwaruzo nao huongezeka. Ndivyo ilivyo kwa CT-Scan. Kichujio hakijui tofauti kati ya ukingo wa kweli na mtikisiko wa bahati mbaya katika vipimo, na hukuza vyote viwili.

Namba zinazoamua tiba

Mtu aliyefanikisha mashine ya kwanza ya hospitali ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Katika majaribio yake ya mwanzo, kukusanya vipimo vya tabaka moja kulichukua siku 9. Oktoba 1, 1971, mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe katika ubongo, alipimwa kwa mashine yake katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London. Picha za mashine hiyo zilikuwa na vidoto 80 kwa 80 tu, lakini uvimbe ulionekana.

Hounsfield na Cormack, waliofanya kazi bila kujuana, walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979.

Jina la Hounsfield limebaki katika kipimo kinachotumika hadi leo. Maji hupewa namba 0 na hewa hupewa -1,000. Mafuta ya mwilini huwa karibu na -100, na mfupa mgumu huweza kufikia 1,000 au zaidi. Kila namba 10 ni sawa na tofauti ya asilimia 1 ya ufyonzaji wa maji.

Ubongo huwa kati ya takriban 20 na 40 katika kipimo hicho, ilhali damu mbichi iliyovuja na kuganda huwa takriban kati ya 50 na 90. Hivyo basi, tofauti inayoamua iwapo mgonjwa wa kiharusi atapewa dawa ya kuyeyusha damu au la ni namba kama 30 hivi, katika kipimo chenye maelfu ya namba.

Kwa kuwa jicho la binadamu haliwezi kutenganisha vivuli vingi hivyo vya kijivu, kompyuta huamriwa kuonyesha sehemu ndogo tu ya namba hizo, kwa mfano kuanzia 0 hadi 80. Kilicho chini ya hapo huwa cheusi, na kilicho juu huwa cheupe. Hapo damu huonekana kama wingu jeupe ndani ya ubongo wa kijivu.

Ikumbukwe kwamba ubongo uliokosa damu kwa sababu ya mshipa kuziba hubadilika kwa namba chache tu katika saa za mwanzo. Kwa sababu hiyo, CT-Scan iliyoonekana safi haimaanishi kwamba mgonjwa hana kiharusi. Kazi yake kubwa katika saa hizo ni kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Gharama ya picha safi

Miale ya eksirei hufika kwenye vipokezi kama matone ya mvua. Sufuria mbili zinazofanana zikiachwa nje kwa muda mfupi chini ya mvua ileile, idadi ya matone yaliyoingia katika kila moja haitalingana. Pakitarajiwa matone 100, tofauti ya kawaida ni kama 10, yaani asilimia 10. Pakitarajiwa matone 10,000, tofauti ni kama 100, yaani asilimia 1 tu.

Mtikisiko huo ndio huonekana katika picha kama chembechembe zilizotapakaa. Ukizidi ile tofauti ndogo iliyopo kati ya damu na ubongo, doa dogo la damu linaweza kumezwa. Njia ya moja kwa moja ya kuupunguza ni kuongeza miale, lakini hesabu yake ni kali: ili kupunguza chembechembe kwa nusu, mionzi lazima iongezwe mara nne.

Mionzi hiyo ina uwezo wa kuharibu vinasaba vya seli, na uharibifu huo huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kwa wastani, binadamu duniani hupokea takriban milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka katika ardhi, hewa, chakula na anga. CT-Scan ya kichwa huongeza karibu milisivati 2, na ya tumbo huweza kufikia 8 hadi 10, wakati eksirei ya kawaida ya kifua haizidi sana 0.1.

Watoto ndio walio katika hatari zaidi, kwa kuwa seli zao bado zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The Lancet uliwafuatilia watu zaidi ya 178,000 waliofanyiwa CT-Scan nchini Uingereza wakiwa na umri wa chini ya miaka 22. Watafiti walikadiria kwamba katika kila CT-Scan 10,000 za kichwa kwa watoto wa chini ya miaka 10, huongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika miaka 10 inayofuata.

Hatari hiyo ni ndogo kwa mtoto mmoja aliyeumia kichwa na anayehitaji kuokolewa. Lakini si ndogo kwa taifa, iwapo maelfu ya watoto watapimwa bila sababu ya msingi au kwa dozi iliyopangwa kwa ajili ya mtu mzima.

Programu mpya na mipaka yake

Ongezeko la nguvu za kompyuta limefungua njia nyingine ya kupunguza dozi. Badala ya kurudisha vivuli mara moja, programu hukisia picha, hukokotoa vivuli ambavyo picha hiyo ingetoa, huvilinganisha na vile vilivyopimwa, kisha husahihisha na kurudia. Hounsfield alitumia njia ya aina hiyo katika mashine yake ya kwanza, ila kwa miaka mingi ilionekana kuwa nzito mno kwa picha kubwa.

Tangu mwaka 2019, programu zinazotumia akili mnemba kuondoa chembechembe zimeidhinishwa kwa matumizi ya hospitali nchini Marekani. Hata hivyo, hakuna programu inayoweza kurejesha taarifa ambayo haikupimwa. Mionzi ikipunguzwa kupita kiasi, picha inaweza kuonekana nyororo na ya kupendeza huku doa dogo la kweli likiwa limefutwa pamoja na chembechembe.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayofuatwa kimataifa haidai picha nzuri kuliko zote. Inataka mionzi iwe midogo kadiri inavyowezekana, mradi picha itoshe kujibu swali la daktari. Nchini Tanzania, usimamizi wa matumizi salama ya mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na nchini Kenya jukumu hilo limo mikononi mwa mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anapoandikiwa CT-Scan anaweza kumuuliza daktari ni swali gani linalotafutiwa jibu, na iwapo altrasaundi, inayotumia sauti, au MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, haiwezi kulijibu. Mwanamke mwenye ujauzito, au anayehisi kuwa nao, anapaswa kusema mapema. Aliyewahi kupimwa anashauriwa kwenda na picha zake za zamani, kwani kipimo kisichorudiwa ndicho chenye dozi ndogo kuliko vyote.

Lakini dalili za kiharusi zikijitokeza, yaani uso kupinda, mkono kulegea au maneno kutoeleweka, huo si wakati wa kuhofia milisivati 2. Ni wakati wa kumkimbiza mgonjwa katika hospitali yenye mashine hiyo na kukumbuka saa ambayo dalili zilianza. Daktari atakuwa na mambo mawili ya kuamulia: saa hiyo, na namba chache zinazotenganisha damu na ubongo.